Ile Kitu ya Hoteli

Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori. Imening'inizwa kwenye tawi la mkaratusi karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, nayo hupigwa kwa kipande cha chuma. Ikilia, wanaochuna chai ng'ambo ya bonde hunyoosha migongo na kuulizana kama ni saa ya chai au ya chakula. Wazee wa kijiji huisifu sana. Husema shule nyingine za hapa Sigowet zina kengele, lakini yetu ina sauti.

Binti yangu alikuwa na maoni tofauti, ila hakuyatoa kwa maneno. Aliyatoa kwa miguu. Kiranja akionekana tu anaelekea kwenye ule mti, mtoto aliziba masikio, akapita mlangoni, au dirishani kama mlangoni kuna mtu, akakimbia hadi shamba la chai linalopakana na uwanja wa shule. Huko alitambaa chini ya miti ya chai, mahali ambapo majani yamefungana juu kama paa, akakaa kwenye udongo mpaka dunia itulie. Mimi nafundisha madarasa ya chini katika shule hiyo hiyo, kwa hivyo nilikuwa na bahati ambayo wazazi wengine hawana. Niliweza kumwona mwanangu akitoroka kupitia dirisha la darasa langu, huku watoto wa gredi ya kwanza wakinijulisha kwa sauti moja, kana kwamba mimi ni kipofu, "Madam, mtoto wako ametoka tena!"

Maelezo hayakukosekana. Mama mkwe wangu, ambaye nyumbani sote twamwita Kogo, yaani nyanya, alisema upande wao hajawahi kuzaliwa mtoto wa hivyo, na kwa upole sana akaniomba nimweleze kuhusu upande wangu. Pasta alimwombea kwa sauti ya juu kiasi kwamba mtoto alitoka mbio kanisani pia, jambo ambalo waumini walilichukua kama ushahidi. Mume wangu alisema, "Ataacha akikua. Hata mimi nilichelewa kuongea," kisha akaenda kuangalia ng'ombe, kama afanyavyo kila mara mazungumzo yakizidi sentensi mbili. Naye mwalimu mkuu alikuwa na neno moja tu. "Nidhamu, Madam. Mnamdekeza huko nyumbani."

Mjinga hakuwa. Alisoma kabla ya wenzake, na alichosoma hakikumtoka. Shida yake ilikuwa kwamba maneno aliyachukua jinsi yalivyo. Ukimuuliza asubuhi, "Umelalaje?" alijibu, "Kwa ubavu." Mgeni akisema, "Karibu nife kwa njaa," mtoto alimkazia macho kwa huruma na kungoja.

Basi siku moja mwalimu mkuu alinikuta nikisahihisha vitabu nje ya darasa. Alisimama mbele yangu akijikuna shingo. Ni mwanamume mrefu, sauti yake nzito, na amezoea kutoa amri. Kuomba si kazi yake.

"Madam," alisema, "una ule mtoto wako."

"Niko naye."

"Yule wa… yule wa mahitaji."

"Mahitaji gani, mwalimu?"

Akaeleza. Kulikuwa na mafunzo ya walimu wakuu huko Kericho, kwenye hoteli, kuhusu watoto ambao akili zao hufanya kazi kwa namna nyingine. Kila mwalimu mkuu alitakiwa aje na mzazi mmoja wa mtoto wa aina hiyo. Asiyekuja na mzazi angerudishwa mlangoni.

Hivyo ndivyo mtoto ambaye kwa miaka alikuwa na utovu wa nidhamu alivyopata mahitaji maalum kati ya kengele moja na nyingine. Mwalimu mkuu alihitaji mzazi. Nilikubali. Nilikuwa sijawahi kuingia kwenye hoteli ile, na zaidi ya hayo, nilikuwa nimechoka kuambiwa nidhamu.

Ukumbi ulikuwa na mapazia mazito na viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi. Walimu wakuu walikuwa wameketi mbele na wazazi nyuma, ingawa tulikuwa tumeambiwa tukae wawili wawili. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuna chai kwenye mashamba makubwa, naye akazaliwa huku huku, katika nyumba za wafanyakazi. Alitusalimia "Chamgei!" kwa Kikipsigis safi kuliko cha vijana wetu, na walimu wakuu wakacheka kwa furaha ya watu waliokamatwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata jina. Neno la Kiingereza lilikuwa limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mkufunzi alisema wapo watoto wenye usonji, wapo ambao herufi huwachezea machoni, wapo ambao kuketi kimya ni adhabu kwao, na wote hao si wagonjwa wala si wakaidi. "Ni watoto ambao ubongo wao umepita njia nyingine," alisema.

Mwalimu mkuu mmoja kutoka Chepseon aliinua mkono. "Njia nyingine kama ile ya panya?"

Watu walicheka. Mkufunzi naye alicheka, kisha akasema, "Inafika, mwalimu. Swali ni kama ukimkuta njiani utamsaidia ama utamwitia polisi."

Asubuhi yote iliendelea vizuri hadi ilipopita saa ya chai na chai haikuja. Hapo nikaona mambo. Watu waliokuwa wametoka tu kusema kwamba mtoto lazima ajifunze kungoja walianza kugonga kalamu mezani. Mmoja alisimama, akaketi, akasimama tena. Mwingine alirudia swali lile lile kwa mhudumu bila kumtazama usoni. Mwalimu mkuu wangu alitoka kabisa kwenda kuulizia jikoni, na kwa sababu hiyo akakosa sehemu muhimu, kama tutakavyoona.

Baada ya chai mkufunzi aliomba mtu wa kujitolea. Mwalimu mkuu wangu alisimama kabla hajaambiwa ni kwa kazi gani, kwa kuwa hajawahi kushindwa na kazi mbele za watu. Mkufunzi alimvalisha sweta ya sufu iliyogeuzwa ndani nje. Akamkalisha mezani, akampa kalamu mkono wa kushoto, akamwambia aandike maelezo ya kufika shuleni kwake kutoka soko la Sigowet. Kisha akaweka watu wa kumzunguka. Mmoja alimsomea tangazo la kifo kwenye sikio la kulia. Mwingine alimuuliza maswali kwenye sikio la kushoto: jina la mama yako, umekula nini, mbona huandiki? Wa tatu alisimama nyuma akigonganisha vifuniko vya sufuria, bila mpangilio, mara mbili kwa haraka, kisha kimya kirefu, kisha mara moja. Mkufunzi mwenyewe alimmulika kwa tochi na kumwambia kwa upole, "Tulia. Wenzako wote wamemaliza."

Nilimwona akianza kwa tabasamu. Tabasamu lilipotea kwenye mstari wa kwanza. Mabega yalipanda hadi masikioni. Kila kifuniko kilipogongwa alishtuka mwili mzima, na kile kimya cha katikati kilionekana kumtesa kuliko kelele. Ghafla alisimama, kiti kikaanguka, akatupa kalamu ikagonga chupa ya chai. "Nyamazeni!" alinguruma. "Mtu ataandika aje?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mkufunzi aliokota kalamu. "Mwalimu," alisema, "nimwite mzazi wako, ama nikupe adhabu kwanza?"

Kicheko kiliongezeka. Yeye hakucheka. Aliivua ile sweta polepole, akarudi kuketi.

Jioni alinipa lifti kwenye gari lake. Hakufungulia redio. Tulipita mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa pande zote mbili, mvua ikinyesha kidogo na kuacha, na ni hapo alipozungumza.

"Madam, hiyo kelele."

"Ndio, mwalimu."

"Msichana wako husikia hivyo?"

"Sijui husikia nini. Najua hukimbia."

Alikata kona taratibu. "Hata mimi ningekimbia," alisema. "Ni vile mlango ulikuwa mbali."

Kisha akasema, "Tutafanya jambo." Nchini kwetu, mwalimu mkuu akisema tutafanya jambo, jiandae kwa mkutano. Lakini jambo la kwanza lilikuja kabla ya mkutano wowote.

Jumatatu, paredi, alitokea na kipaza sauti. Ni kile cha siku ya michezo, chenye spika ukubwa wa jokofu. "Kuanzia leo," alinguruma, "katika shule hii hatutaki kelele!" Spika ikapiga mluzi mkali. Shule nzima, watoto na walimu, ikaziba masikio, na kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo binti yangu alifanana na wengine.

"Tuna wenzetu," aliendelea, "ambao ubongo wao umepita njia nyingine! Yuko wapi yule msichana wa gredi ya tano?"

"Gredi ya nne," sauti ya binti yangu ikatoka nyuma, viganja bado masikioni.

"Mnaona?" mwalimu mkuu alisema kwa shangwe. "Ana kipaji! Hebu apite mbele!"

Hakupita mbele. Alipita upande wa shamba la chai, nami nikamfuata kwa viatu vya Jumatatu, nikaingia chini ya ile miti hadi nikamfikia. Tulikaa humo pamoja. Alisema, "Mama, amesema hataki kelele." Nikamwambia ndio, nimesikia. "Lakini ni yeye," akasema.

Saa ya mapumziko nilimwendea ofisini. "Mwalimu," nikasema, "tulifundishwa pia tusimwanike mtoto mbele za watu."

Alishangaa kweli. "Tulifundishwa hivyo saa ngapi?"

"Ukiwa jikoni ukiulizia chai."

Aliinamisha kichwa. "Basi Jumatatu ijayo nitamwomba msamaha. Paredi."

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Tafadhali."

Alimwomba msamaha ofisini, wakiwa wawili, nami mlangoni. Mtoto alisikiliza, akasema sawa, akauliza kama anaweza kwenda. Mwalimu mkuu alionekana kutarajia kitu kirefu zaidi.

Kisha ukaja mkutano, maana tulikuwa tumetumwa tukawafunze wazazi wengine. Walifika wengi kuliko siku yoyote niliyowahi kuona. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba watu waliotoka hotelini wana kitu cha kugawa. Walijipanga kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na tulipowaeleza kwamba tunachogawa ni maarifa, kuna waliosimama wakakumbuka ng'ombe.

Waliobaki walisikiliza. Mwalimu mkuu alizungumza vizuri, lazima nikiri, bila kipaza sauti. Alisimulia hata habari ya sweta na kalamu. Watu walicheka, naye akawaacha wacheke.

Ndipo mama mmoja akasimama karibu na dirisha, bado ana majani ya chai kwenye leso. Mwanawe alikuwa gredi ya sita, mtoto asiyeweza kuketi, ambaye kila mwalimu alimjua kwa sababu kila mwalimu alimfukuza.

"Mwalimu, nina swali," alisema. "Huyu wangu, siku za mtihani huwa naambiwa nimwache nyumbani achunge ng'ombe, asiharibu alama za shule. Sasa leo mnasema tuwaunge mkono. Niendelee kumwacha na ng'ombe, ama nimlete?"

Hakuwa anamshitaki mtu. Aliuliza kama anavyouliza mtu njia. Mvua ilianza juu ya mabati.

"Nani alikuambia hivyo?" mwenyekiti wa halmashauri ya shule aliuliza. Huyu ni mzee mwenye chai nyingi na subira kidogo.

Mama alitazama chini. "Niliambiwa na shule."

Sote tuliofundisha pale tulijua shule ni nani. Serikali ilikataza kupanga shule kwa alama, kwa hivyo siku hizi tunapangana kimya kimya, na kila mwalimu mkuu huijua nafasi yake kama anavyojua jina lake. Wetu alichunguza mabati kwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta panapovuja.

"Mlete," hatimaye akasema.

"Na alama?" mwenyekiti aliuliza.

"Nimesema amlete."

Mwenyekiti alihamia kwenye lililokuwa moyoni mwake. Alikuwa amesikia fununu kwamba rimu ingeondolewa. "Tusaidie watoto, sikatai," alisema. "Lakini kengele haiguswi. Mimi mwenyewe nilisoma kwa kengele hiyo."

"Na mbona mikutanoni huja ukiwa umechelewa?" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, na mkutano ukaisha kwa kicheko, bila uamuzi wowote. Mikutano yetu mingi huishia hapo.

Kogo alikuwa amehudhuria, kiti cha mbele, na shali yake ya kanisani. Kabla ya siku hiyo alikuwa amekataza neno usonji lisitajwe chini ya paa lake. Njiani kurudi akaniuliza, "Kwa hivyo hiyo kitu iko hata kwa watoto wa watu wengine?"

"Iko, Kogo."

"Na inafundishwa kwa hoteli?"

"Ndio, hotelini."

Aliliwaza hilo kwa heshima. Ugonjwa unaojadiliwa kwenye vitambaa vyeupe hauwezi kuwa wa aibu. Jumapili iliyofuata alimwambia pasta, mbele ya akina mama wenzake, kwamba mjukuu wake ana ile kitu ya hoteli, na kwa hivyo familia yetu itakuwa ikiketi karibu na mlango, na yeye pasta aombe kwa sauti ya chini. Hadi leo anaomba kwa sauti ya chini tukiwa ndani. Jina nalo lilishika. Kijijini mwetu hakuna anayesema usonji. Ni ile kitu ya hoteli.

Mwalimu mkuu hakukata tamaa. Kwa kuwa kengele haiguswi, aliamua haitaguswa, itavalishwa. Alifunga rimu kwa gunia la mbolea. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ng'ombe anayekohoa. Gredi ya tatu hawakusikia wakakaa darasani mpaka wenzao walipomaliza chakula. Gredi ya saba walidai hawakusikia hata walipokuwa wamesimama chini ya mti wenyewe. Wachunaji wa ng'ambo walituma mtu kuuliza kama shule imefungwa. Na binti yangu aliendelea kukimbia kama kawaida.

Ni katika wiki ya gunia ambapo mkufunzi alikuja kututembelea kuona tumefikia wapi. Mwalimu mkuu alimwonyesha gunia. Mkufunzi aligeuka kutazama uwanja. Alimwona binti yangu amesimama kando ya uwanja akiutazama ule mti, akaenda akachuchumaa, si mbele yake bali ubavuni, wote wawili wakitazama upande mmoja. Nami nikasogea.

"Kibaya zaidi ni kipi," alimuuliza, "sauti, ama kuingoja?"

"Kuingoja," mtoto alisema bila kufikiri. "Kiranja hupiga akitaka. Jana alichelewa. Juzi aliharakisha kwa sababu alikuwa na njaa. Sijui itakuja saa gani. Inaweza kuja sasa hivi."

Tulikuwa tumefanya semina, paredi na mkutano wa wazazi. Tulikuwa tumenunua hata gunia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Na ukipiga wewe?" mkufunzi aliuliza.

Hapo alifikiri. Alichukua muda mrefu hivi kwamba mwalimu mkuu alifungua mdomo, na mkufunzi akamwinulia kidole bila kugeuka.

"Nitajua," mtoto akasema.

Mwalimu mkuu alilitoa gunia mwenyewe, akamkabidhi kile chuma kama mtu anayekabidhi mkuki. Saa ya ukutani ya ofisini inaonekana kutoka chini ya mti kupitia dirishani. Mtoto alisimama akiitazama, midomo ikisogea. Mimi nilifumba macho. Najua mama hapaswi kufumba macho, lakini nilikuwa nimemwona akikimbia mara nyingi mno.

Rimu ililia, sauti yake yote, hadi ng'ambo ya bonde. Nikangoja miguu. Haikuja. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama pale pale, masikio wazi, amesogea karibu zaidi. Aliweka kiganja juu ya rimu iliyokuwa bado inatetemeka, akaishikilia mpaka ikatulia.

"Imeisha," alisema, na akaenda darasani.

Mkufunzi alinishika mkono. Mwalimu mkuu alipenga kamasi akasema ni vumbi, siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Ningependa kusema tuliishi kwa amani baada ya hapo. Lakini shule yetu ilikuwa haijawahi kuwa na mtu anayepiga kengele kwa saa yake. Chai ya walimu, ambayo kwa desturi ilikuwa ikiendelea mpaka maongezi yaishe, sasa ilikatwa katikati ya andazi. Mwalimu wa gredi ya tano, ambaye kipindi chake kilikuwa kinaisha akimaliza yeye, alijikuta akizungumza na migongo ya watoto. Alijaribu kumbembeleza. "Ongeza kidogo tu, mama." Binti yangu alimwambia hawezi kuongeza, saa si yake.

Kilele kilikuwa ziara ya afisa wa elimu kutoka kaunti, aliyekuja kuona mfano wetu. Mwalimu mkuu alitayarisha hotuba kuhusu kumjali kila mtoto. Alifika sehemu tamu, mkono umeinuliwa, "na ndiyo sababu shule hii inasikiliza sauti ya kila…" Rimu ikalia. Watoto wote wakasimama, wakapanga mistari, wakaenda kula. Afisa alitazama saa yake ya mkononi, akaitikisa, akaitazama tena.

"Iko sawa kabisa," alisema kwa mshangao.

Mwalimu mkuu alishusha mkono. "Basi twendeni tukale," akasema.

Wiki hiyo kulikuwa na kikao cha walimu. Watu ambao huruma haikuwahi kuwaunganisha waliunganishwa na kushika saa. Mmoja baada ya mwingine walieleza, kwa upendo mkubwa, jinsi kazi ile inavyomchosha mtoto. Kwa faida yake mwenyewe, apumzishwe. Nilinyamaza, kwa kuwa mama hawezi kuwa wakili na mwalimu kwa kikao kimoja.

Mwalimu mkuu aliwasikiliza wote. "Nimeelewa," alisema mwishoni. "Kengele tulikuwa nayo siku zote. Saa ndiyo hatukuwa nayo. Anaendelea."

Walimu walinuna muhula mzima. Mume wangu, nilipomsimulia, alicheka hadi akasahau kwenda kwa ng'ombe. Kisha akatazama pembeni akaniambia kwamba yeye alipokuwa shuleni alikuwa akijificha chooni kengele ikilia, na hakuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa zaidi ya sentensi mbili. Nilimwongezea chai na sikumkatiza.

Mtihani wa pamoja wa shule za eneo letu ulipofika, mtoto wa yule mama wa dirishani aliletwa. Alifika amevalishwa shati jipya, mama yake akimfuata nyuma kama anayempeleka kwa daktari. Mkufunzi alikuwa ameshauri aruhusiwe kusimama, kwa hivyo aliufanya mtihani wa hesabu kwenye kizingiti cha dirisha, akihama mguu huu na ule, akitoka mara kwa mara kuzunguka darasa na kurudi. Alimaliza. Alama zake zilikuwa za chini, ingawa si za chini kama tulivyoogopa.

Wastani wa shule ulishuka. Tulishuka kwenye ile orodha isiyokuwepo. Mwenyekiti alimhamisha mjukuu wake akampeleka shule ya binafsi, na wengine kadhaa wakamfuata. Mwalimu mkuu aliitwa Kericho kueleza kilichotokea, akarudi bila kutuambia alichoelezwa.

Asubuhi moja ya muhula uliofuata, nikiwa ofisini, yule mama wa dirishani alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yaliyotiwa mkaa wa mti. Alikiweka mezani kwa mikono miwili. "Kongoi, mwalimu," alishukuru. Karatasi ya matokeo ya mwanawe ameibandika ukutani nyumbani, akaeleza, kando ya picha ya harusi. Hajawahi kuwa na karatasi ya kubandika.

Mwalimu mkuu alinimiminia mimi kwanza, kisha akajimiminia mwenyewe, akanywa akafuta mdomo.

"Madam, mwaka ujao tutakuwa wa mwisho kabisa," alisema, na akanyoosha kikombe aongezewe.